Mama Mkwe Aliyenifundisha Kucheza

Niliolewa Kasongo nikitoka upande wa Wamaza, katika teritware, yaani wilaya, ya Kabambare. Kwetu tulikuwa wakulima wa pamba na muhogo. Siku ya soko la pamba, mizani ikishafungwa na Mzungu mnunuzi ameondoka na kamio yake, yaani lori, wanawake walikuwa wanapiga ngoma palepale sokoni, na mama yangu mzazi alinisukuma katikati ya duara tangu nikiwa mtoto wa kuvaa kipande cha kitambaa kiunoni. Watu walisema, "Huyu mutoto iko na mifupa ya maji." Sikuwa na sifa nyingine ya kupeleka kwa mume. Sikujua kusoma, na bugali yangu ilikuwa na madonge.

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona. Alikaa na cherehani yake kwenye baraza karibu na soko la Kasongo, akishona kaptula za makarani na nguo za harusi. Alikuwa mpole, wa maneno machache, na aliposhona alishika pini midomoni, kwa hiyo hata hayo maneno machache yalibaki ndani. Tuliishi ndani ya cité, mtaa wa watu weusi, katika lupango moja, yaani ua mmoja, na mama yake, ambaye alikuwa mjane. Yeye alipika sabuni ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi katika chungu kikubwa nyuma ya nyumba, akikoroga kwa mti mrefu tangu asubuhi. Nilimwogopa sana. Alikuwa anaweza kukaa siku nzima bila kuniambia neno ila "leta kuni" na "ondoa ile."

Alasiri moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa peke yangu kwenye kinu, najiimbia kidogo, na kama kawaida yangu miguu ikaanza kufuata mchi. Nikasikia sauti yake kutoka upande wa chungu.

"Muguu ya kushoto inachelewa."

Niliacha kutwanga. "Nisamehe, mama."

"Sikukugombeza. Nasema inachelewa. Rudia."

Nikarudia. Alitazama, akatikisa kichwa, akaegemeza mti wake wa kukorogea kwenye ua. Akajifuta mikono, akakaza kitenge, akaja mpaka pale nilipokuwa. Halafu akacheza. Sijui niseme namna gani. Kichwa chake kilikuwa na mvi, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa majivu, lakini mabega yalikwenda kama maji yanayosukumwa na mtumbwi, na nyayo zake zilipita juu ya vumbi bila kulirusha. Hakucheka, hakunitazama. Alipomaliza alirudi kwenye sabuni yake, akasema, "Namna ile. Twanga sasa, baba ya nyumba atarudi na njaa."

Tangu siku ile alinifundisha kila alasiri, mume wangu akiwa baraza. Hatukumficha, ila hatukumwambia pia. Nilichojua mimi kutoka Wamaza kilikuwa ni kuruka na kufurahi. Yeye alinifundisha ngoma ya harusi ya wanawake wa mto, ambayo mtu anaicheza kama anayebeba mtungi uliojaa. Kwanza kabisa alinifundisha salamu. Kabla ya kucheza, mwanamke anakunja goti, anagusa kifua, na anamtaja kwa sauti yule aliyemfundisha. Kisha anangoja mpaka ngoma imjibu. Asiposalimia, wapigaji wanamwacha asimame tu.

"Na wewe, mama, unamusalimia nani?" nilimuuliza.

"Dada ya mama yangu, kule Nyangwe. Alikuwa anafinyanga vyungu. Akiingia katika harusi, watu wanaacha kula."

Sikuthubutu kumuuliza kwa nini sijawahi kumwona yeye akicheza harusini.

Wakati huo karani mmoja wa teritware alikuwa anakusanya wachezaji. Alikuwa kijana wa kuvaa tai, mwenye kupenda mambo mapya, na alitaka wageni wakifika Kasongo waonyeshwe ngoma ndani ya ukumbi, juu ya jukwaa, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi. Alinikuta nikicheza kwenye harusi ya jirani, akaenda kuzungumza na mume wangu baraza. Mume wangu alitoa pini mdomoni, akasema, "Mumuulize mama." Mama mkwe alisema, "Aende. Ukumbi iko karibu."

Ndivyo nilivyopanda jukwaa kwa mara ya kwanza. Zilikuwa mbao zilizowekwa juu ya mapipa. Karani alitukataza kufanya duara. "Mukifanya duara, wageni wataona migongo," alisema. "Mugeuke wote, muangalie mabenchi." Nilikuwa sijawahi kucheza bila kuwa na uso wa mwanamke mwenzangu mbele yangu. Nilijiona kama mtu anayekula peke yake huku watu wakimtazama. Na zile mbao zilipiga kelele chini ya nyayo zangu kila nilipogusa. Watu walipiga makofi, lakini nilishuka nikiwa na jasho la aibu.

Mama mkwe alikuwa amesimama nje, dirishani, amejifunika kichwa. Kesho yake, akikoroga, aliniambia, "Ulicheza muzuri. Ila uliogopa mbao."

"Zinapiga kelele, mama."

"Uache zipige. Nazo ziko ngoma."

Nilifuata neno hilo, na nadhani kazi yangu yote ilianzia hapo. Nilijifunza kukanyaga mbao kwa makusudi, mpaka wapigaji ngoma wakaanza kunisikiliza mimi badala ya mimi kuwasikiliza wao. Kikundi cha karani kikaalikwa Kindu, kikaalikwa Bukavu. Kati ya safari hizo nikamzaa binti yetu. Kila niliporudi nilimkuta mgongoni mwa bibi yake, na wote wawili wakinukia mawese.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, wakati Mzungu mmoja tuliyemwita Madamu alipofika Kasongo. Alikuwa Mbelgiji, mwembamba kama mchi, nywele amezifunga nyuma kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Ujana wake aliucheza kwenye majumba makubwa ya Ulaya, katika ile ngoma yao inayoitwa baleti, na sasa alikuwa anazunguka Kongo nzima kuchagua wachezaji. Alitaka kutengeneza baleti ya watu weusi na kuipeleka Ubelgiji. Alikaa mbele kabisa, akatutazama bila kupiga kope. Mwisho alinyoosha kidole kwangu, akamwambia karani maneno, na karani akanigeukia akiwa amebadilika uso.

"Anakutaka wewe. Kwenda Leopoldville, kisha Bulaya. Miezi mingi."

Jioni ile tulikaa uani, mume wangu, mama yake na mimi, mtoto akiwa amelala juu ya mkeka. Mume wangu alizungusha kofia yake mikononi muda mrefu.

"Mimi sina neno mubaya," alisema. "Lakini muke ya mutu kwenda Bulaya kucheza, watu watasema nini? Na mutoto?"

Nilikuwa tayari kusema kwamba sitakwenda, na nilikuwa nalisema hilo moyoni bila uchungu mwingi, kwa sababu mtoto alikuwa pale, mguu wake umelala juu ya wangu. Mama mkwe ndiye aliyeongea.

"Baba yako alikuwa mutu muzuri," alimwambia mwanawe. "Unajua hivyo. Hakunipiga hata siku moja. Wakati tulioana, aliniambia: sasa umekuwa mama ya nyumba, uache ngoma ya harusi. Nikaacha. Hakuniambia kwa ubaya. Lakini kila harusi katika hii cité, nilikuwa nafunga mulango ili nisisikie. Mpaka amekufa, nilikuwa nafunga mulango."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anakumbuka milango ile.

"Mutoto nitakaa naye mimi," mama yake akaendelea. "Niliweza kukulea wewe, na ulikuwa unalia kuliko yeye."

Asubuhi mume wangu alikwenda baraza mapema, na kwa siku kadhaa alirudi jioni zaidi kuliko kawaida. Kisha aliniletea gauni. Lilikuwa la merikani nyeupe kabisa, refu mpaka kwenye vifundo, lenye marinda mabegani ili mabega yakicheza yaonekane hata kwa mtu aliye mwisho wa ukumbi, na upindo mwekundu chini ili watu wafuate nyayo. Hakunipima. Alisema tu, "Ujaribu." Lilinikaa sawasawa.

Nilipanda kamio kwenda Kindu mtoto akiwa amelala. Mama mkwe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kutoka Kindu nilipanda ndege, na sikumbuki chochote cha safari ile ila magoti yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayatazama.

Leopoldville tulifanya mazoezi katika nyumba kubwa yenye ufito uliopigiliwa ukutani. Asubuhi Madamu alitufundisha kushika ule ufito na kufungua nyayo nje kama bata, na kupandisha mguu polepole bila bega kusogea. Magoti yangu yalilalamika. Lakini nilipenda jinsi alivyokuwa anaugusa mgongo wa mtu kwa vidole viwili, bila neno, na mgongo unaelewa. Mchana sisi ndio tuliomwonyesha ngoma zetu. Yeye alikaa na saa mkononi, akikata. Ngoma ambayo kwetu inaisha watu wakichoka, yeye aliitaka iishe kabla wimbo mmoja wa gramafoni haujaisha. Kitu cha kwanza alichokata katika ngoma yangu ni salamu.

"Hapo hakuna kinachotokea," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Mutu anasimama, anasema jina. Bulaya hawatangojea."

Nilimwambia kwamba kwetu bila salamu hakuna ngoma. Alifikiri, akasema pole, na akaikata vilevile. Nikaanza kuisema moyoni, kabla ya kupanda, nikiwa gizani kando ya jukwaa.

Jambo moja tu nililikataa kabisa. Kabla ya kuondoka, bwana mmoja aliyesimamia safari alileta mavazi: majani ya raffia kiunoni, na juu hapana kitu. Wanawake tulitazamana. Wengine walikuwa wadogo na wakaanza kulia. Mimi nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto, basi nikasimama.

"Kwetu Kasongo," nilisema, "mwanamuke anayecheza katika harusi anavaa. Mume wangu ameshona nguo. Nitacheza na hiyo, ao nitarudi kwetu."

Bwana yule alikasirika, akasema watu wa Ulaya wanatarajia kuona Kongo ya kweli. Madamu aliomba kuliona gauni. Nikaenda kulichukua. Aligeuza marinda nje na ndani, akatazama mishono kwa muda mrefu, akauliza nani ameshona. Kisha akamwambia yule bwana maneno kwa Kifaransa, na baadaye mchezaji mwenzetu mmoja aliyekijua akanitafsiria: "Wavae kama huyu. Huyu ndiye wa kweli." Wanawake wote walishonewa kwa kuiga lile gauni. Nililala usingizi mzuri, nikiwaza jinsi nitakavyomwambia mume wangu.

Ubelgiji tulicheza katika miji mingi. Sitaki kudanganya kwamba naikumbuka yote. Nakumbuka jukwaa moja la Bruseli lililoinama kidogo kuelekea kwa watu, kiasi kwamba siku ya kwanza nilihisi kama nateremka kwenda mtoni. Nakumbuka mazulia mekundu, na kimya cha watu wale. Kwetu mtu akipendezwa anapiga kelele palepale, anaingia katikati, anakubandika kitambaa begani. Wao walinyamaza mpaka mwisho, nikadhani tumewaudhi, na hapo ndipo makofi yakaanguka kama mvua ya Novemba juu ya mabati. Nakumbuka pia baridi, na jinsi nilivyokuwa nafumba macho jioni nikijaribu kukumbuka uzito wa mtoto wangu. Nilikuwa nalala na mkono umekunjwa kama aliyembeba.

Kisha tukaitwa kwenye televisheni. Karani wa Kasongo alikuwa ameniambia habari za sanduku linaloonyesha watu, lakini hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuliona. Walitupeleka katika chumba kisicho na madirisha, chenye taa zilizochoma kama jua la mchana, na mashine kubwa zilizotembea kwa magurudumu huku zikitufuata kwa jicho moja. Waliponiona na gauni langu jeupe, wakaanza kupiga kelele. Mwanamke mmoja alinieleza kwa ishara, na Madamu akaongezea: nyeupe ile ilikuwa inang'aa mno, mashine haiwezi kuitazama. Lazima ipakwe rangi.

Niliwaambia nitaipaka mwenyewe. Walinipa beseni na kahawa kali. Nikalichovya gauni la mume wangu katika kahawa, nikiligeuza kwa mikono polepole, ili ishike sawasawa kila mahali, nikiwa na moyo mzito kama ninayemwosha mgonjwa. Lilikauka mbele ya mashine ya joto. Likawa na rangi ya vumbi la kwetu wakati wa kiangazi.

Tulicheza. Ngoma yangu ilikuwa ya mwisho. Nilipokuwa nangoja zamu yangu niliona kuna shida: mwimbaji aliyekuwa aje baada yetu hakuwa amefika. Watu walinong'ona, walikimbia kwa vidole vya miguu. Kipindi kile hakikuwa kimehifadhiwa mahali. Kilikuwa kinakwenda moja kwa moja mpaka katika nyumba za watu, na hakingeweza kusimama. Madamu alikuja, akaniinamia sikioni.

"Ile salamu," alisema. "Uifanye. Uifanye yote, pole pole."

Niliingia kwenye taa zile. Nilikunja goti, nikagusa kifua. Nikamtaja mama mkwe kwa sauti, kwa jina ambalo wanawake wa Kasongo wanamwita, nikasema ni yeye aliyenifundisha, na aliyemfundisha yeye ni dada ya mama yake wa Nyangwe, mfinyanzi. Nilisema kwa Kiswahili, na hapakuwa na mtu katika chumba kile aliyeelewa isipokuwa sisi wenyewe na Madamu. Kisha nikangoja. Mpigaji ngoma wetu alikuwa mtu wa Kivu ambaye hakuwahi kufundishwa desturi ile, lakini alielewa. Alinijibu. Nilicheza kama nilivyocheza mara ya kwanza uani, nyayo chini, na sikutafuta tena mabenchi yako wapi. Nilipomaliza, Madamu alikuwa amesimama nyuma ya mashine, mkono juu ya mdomo.

Nilirudi Kasongo mwanzoni mwa mvua. Mume wangu alinipokea pale kamio iliposimama, akachukua sanduku, na nyumbani akalifungua gauni kabla hata ya kula. Aliligeuza mkononi.

"Imekuwaje rangi ya kahawa?"

"Walisema iko nang'aa sana. Ile mashine yao ilishindwa kuiangalia."

Alilikunja vizuri. Halafu akaenda nalo barazani, na nikamsikia akimwambia fundi mwenzake, "Hii merikani ilishinda mashine ya Bulaya." Alilirudia neno hilo kwa wateja wake mwaka mzima, mtu ambaye hakuwa wa kusema.

Mama mkwe nilimweleza nyuma ya nyumba. Nilimwambia watu wameketi katika nyumba zao, mbali, wakasikia akitajwa.

"Walinisikia mimi?"

"Walikusikia, mama. Na yule wa Nyangwe."

Alikoroga, akakoroga. "Na ngoma ilijibu?"

"Ilijibu."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema moshi ni mwingi leo. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi upande wa pili wa cité. Alivaa, akanichukua mkono, tukaenda wote wawili. Alisalimia kwa sauti iliyokauka, akacheza kidogo tu, na vijana waliokuwa wakila waliacha kula.

Binti yangu ndiye aliyekawia. Hakunijua. Nilipomnyooshea mikono alijificha nyuma ya kambo yake, yaani bibi yake, na akaniita mugeni. Usiku alilala kwa bibi yake, chakula alikitaka kwa mkono wa bibi yake. Sikumlazimisha. Nilikaa karibu, nikawa nafua nguo zake, nikawa namwimbia nikiwa nimempa mgongo. Yalipita majuma mengi hivyo, na kuna siku nilikwenda kulia katika shamba la muhogo ili asinione.

Ndipo mama mkwe akasema anakwenda Nyangwe kusalimia ndugu. Nilijua hakuna ndugu aliyemwita. Alifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka alfajiri kwa miguu bila kumuaga mtoto. Mtoto alilia siku nzima, amekaa mlangoni. Jioni mvua ikapiga, radi ikagonga karibu sana na nyumba, na nilipogeuka alikuwa tayari amenishika kitenge kwa mikono miwili. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa amekuwa mzito kuliko ule uzito niliokuwa naujaribu kule Bruseli. Hakushuka mpaka asubuhi, na kesho yake nilitwanga, nilichota maji, nilipika, yeye akiwa pale mgongoni, shavu lake kwenye bega langu.

Mama mkwe aliporudi, na kapu la samaki wakavu kichwani, tulikuwa tunamenya karanga mbele ya nyumba. Mtoto alimwona kwa mbali, akakimbia, akamkumbatia magoti. Kisha akamwachia, akageuka, akanirudia mbio, akihema.

"Mama," aliniambia, "kambo amerudi."

"Nimemuona," nilimjibu. "Uende umupokelee kapu."